Gego la Editruda

Ganzi ilipoisha mdomoni mwa Editruda Kikoti, aliyeshika shavu ni mimi.

Tulikuwa bado kwenye zahanati ya mradi, kila mtu kwenye kiti chake. Yeye alikuwa ameng'ata pamba pale lilipotoka gego lake la mwisho, chini kulia, huku anasoma ujumbe kwenye simu. Mimi mdomo wangu ulikuwa mzima, meno yote yapo. Lakini taya langu la kulia lilianza kuwaka polepole kutoka ndani, kama chuma kinachopata moto.

"Maumivu yamefika?" aliuliza Mbwilo, tabibu wa meno.

"Yamefika."

"Makali kiasi gani?"

"Kama Mhehe mzima amenikalia shavuni."

Editruda akacheka na pamba yake mdomoni. Mbwilo akamkemea. "Usicheke, damu haijaganda."

"Huyu Mngoni ameanza mapema," Editruda alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Babu zake walitembea kutoka Afrika Kusini mpaka huku bila kulia. Yeye jino moja tu, tena la mwenzake."

"Wenzako wanaliita jino la hekima," nikamwambia. "Kwako limekosa pa kukaa, ndiyo maana limeota kando."

Kihamishi chenyewe ni kidude kama punje ya dengu, kinabandikwa nyuma ya sikio. Kimoja anawekwa mgonjwa, kingine anawekwa mbebaji. Kinadaka maumivu kwenye mshipa wa fahamu kabla hayajafika kichwani kwa mwenyewe, kinayapeleka kwa mwingine. Zaidi ya hapo sijui. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kukaza bolti kwenye minara ya umeme wa upepo hapa Makambako. Najua tu kwamba kidonda kinabaki kwa mwenyewe na uchungu unakuja kwako. Ukinywa dawa wewe mbebaji, unapoteza dawa. Lazima anywe mwenye kidonda. Na mwenye kidonda hana kinachomkumbusha.

Mbwilo akasoma masharti. Leo asiteme mate, asisukutue, asinyonye kitu kwa mrija, asivute sigara. Ile damu inayoganda kwenye tundu ndiyo bandeji yake, ikitoka mfupa unabaki wazi. Ale vitu laini, vya vuguvugu. Abandike barafu shavuni. Kuanzia kesho asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila akimaliza kula. Vidonge anywe kwa saa zake, asingoje kuumwa.

Masharti ni ya Editruda, lakini Mbwilo aliyasoma akiniangalia mimi.

"Mbona unamwambia yeye?" Editruda akauliza.

"Kwa sababu ndiye atakayeyakumbuka."

Tukatoka. Yeye alikwenda kupanda kreni, mimi nikaenda kwenye bolti zangu. Mradi hautoi mapumziko kwa mtu aliyepata mbebaji.

*

Siku iliyofuata nilimkuta kantini anatafuna mahindi ya kuchoma.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakula."

"Unatafunia upande gani?"

Alifikiri kidogo. Hakuwa anajua. Punje moja ikaingia kwenye tundu, nikaisikia mimi, nikashika meza kwa mikono miwili. Kantini nzima ikaangua kicheko.

"Mwoneni mbebaji wangu," alisema Editruda. "Mngoni akiguswa na punje anaita ukoo mzima."

"Umesukutua asubuhi?"

"Nilisahau."

"Vidonge?"

"Viko kwenye koti."

"Koti liko wapi?"

"Juu kwenye kreni. Otmari, hata mama yangu hakuniuliza hivi."

Nilikwenda jikoni mwenyewe. Mama Luvanda, mpishi mkuu, Mhehe wa Kalenga, akanipa maji ya moto na chumvi, na tusi moja juu ya babu yangu. Nikamjibu juu ya mbwa walioliwa kijijini kwao. Nikampelekea Editruda kikombe, nikasimama pale mpaka akasukutua. Nilimfundisha ainamishe kichwa, maji yapite kidondani yenyewe, kisha aache yadondoke bila kutema kwa nguvu. Watu wazima wawili kando ya sinki. Walicheka sana siku hiyo.

Jioni walileta ulanzi, pombe ya mianzi. Msimu ulikuwa umeanza na mianzi ilikuwa inatoa vizuri. Nilimwona Editruda anapiga lita, anavuta pumzi kwa raha, anapiga tena. Utamu ulibaki kwake, mwasho ukaja kwangu. Nilipiga kelele. Wakacheka tena.

Msiwalaumu. Mtani akibeba ana haki ya kulalamika, tena ana wajibu. Ndiyo sababu walichaguliwa watani wa makabila. Mwanzoni kihamishi kilipoingia nchini, walibeba watu maskini kwa malipo, mpaka ikapigwa marufuku. Wakaja ndugu wa damu. Mama mmoja alibeba maumivu ya tumbo ya mwanawe, akanyamaza, akawa anamtabasamia kila asubuhi asimtie hofu, hadi utumbo wa kijana ukapasuka. Wakaona ndugu hafai kwa sababu anaficha. Anayekupenda anaficha. Anayekuchukia hakubali kubeba. Akabaki mtani, ambaye atakuzika huku anakutukana, na akiumia kwa ajili yako atatangaza mpaka sokoni. Sheria ikaandikwa hivyo. Mhehe abebwe na Mngoni, Mchaga na Mpare, Mzaramo na Msukuma, na wengine kila mmoja na wake.

Editruda alinibebea mimi mwaka jana nilipovunjika kidole. Alizunguka mradi mzima amekifunga kidole chake kizima bendera nyeupe.

*

Siku ya tatu maumivu yalibadilika.

Ya mwanzo yalikuwa ya kidonda. Yanakuja, yanapungua, yanakubali kidonge pale Editruda anapokumbuka kukinywa. Haya yalikuwa ya mfupa. Yalipanda sikioni na kwenye jicho, hayakuwa na mapumziko. Nilikuwa juu ya mnara, nikaangusha spana. Haikumpiga mtu. Nikashuka, nikaenda kwa Mbwilo.

"Damu iliyoganda imetoka kwenye tundu lake," nikamwambia. "Mfupa uko wazi. Mwite."

Aliniuliza kiasi, kutoka moja mpaka kumi. Nikamwambia tisa. Akabonyeza, kioo kikaonyesha nne na nusu.

"Nimesema tisa."

"Ndiyo. Mashine inagawa kwa mbili." Alisema bila aibu. "Kihamishi kinapitisha tu, hakipimi. Kipimo ni kauli ya mbebaji. Na watani mlitusumbua miaka ya mwanzo. Mtu amechomwa na mwiba, mbebaji anaita gari la wagonjwa. Watengenezaji wakaweka hesabu hiyo. Nne na nusu kwa siku ya tatu ni kawaida."

"Basi andika kumi na nane."

Akacheka. Alidhani nafanya utani.

"Mbwilo, mwite umwangalie."

"Nimempigia jana na leo. Anasema hana homa, hana uvimbe. Halafu akaniambia, mtani wangu atakuja kwako kusema nakufa, mpe maji ya sukari." Akanitazama vizuri. "Unataka kurudisha mzigo, Otmari?"

"Nataka umwangalie mdomo."

"Siwezi kumshusha kwenye kreni kwa neno la mbebaji. Kihamishi natoa kwa mambo matatu tu. Mwenyewe aombe, au siku za kubeba ziishe, au ithibitike kwamba wewe si mtani wake." Akacheka tena kwa hilo la mwisho. "Na Mngoni na Mhehe, nani atathibitisha hivyo?"

Akanipa maji ya sukari kweli. Nikayanywa. Sikuwa nimekula tangu jana yake.

*

Nilimngojea Editruda chini ya kreni. Aliposhuka alikuwa amevaa koti zito na jua linawaka, na kilemba amekifunga mpaka chini ya kidevu. Alikuwa anatetemeka. Sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Fungua kilemba," nikamwambia.

"Mngoni anataka kumvua mwanamke hadharani."

"Fungua."

Akafungua. Chini ya taya palikuwa pamevimba, pekundu, pagumu. Nikamwambia apanue mdomo. Kidole changu kimoja hakikupita kati ya meno.

"Unaonja nini mdomoni?"

Akakaa juu ya tairi la trekta. Akameza mate, na nikaona anavyohangaika kumeza. Uchungu wa kumeza kule ukanichoma mimi huku.

"Chumvi na uozo," alisema. "Tangu jana."

"Na ukamwambia Mbwilo huna kitu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Akanyoosha kidole. Mnara wa mwisho ulikuwa umesimama na mabawa mawili. La tatu lilikuwa limelala kwenye majani, refu kuliko uwanja wa mpira.

"Kesho asubuhi upepo utalala, bawa litapandishika," alisema. "Wamesema hautalala tena wiki hii. Miaka yote nimekaa kiti cha pili, nawashikia wageni kamba. Bawa hili ni langu. Nikilipandisha, kiti cha kreni ni changu, kule Singida wanakoanza mwezi ujao na kokote watakakokwenda. Nikilala kitandani, wanamweka mtu wao, na mimi narudi kwenye kamba. Nibebee mpaka kesho mchana. Nikishuka tu, naenda kwa Mbwilo kwa miguu yangu."

"Huo uvimbe unashuka shingoni."

"Siusikii."

"Nausikia mimi."

"Anayeumwa ndiye anayeogopa, Otmari. Mimi siumwi, kwa hiyo naona vizuri kukuzidi."

"Huumwi kwa sababu nimekuchukulia. Ungekuwa unaumwa ungeshakimbia zahanati jana na mahindi yako mdomoni."

"Basi ni bahati yangu."

"Ukifa juu kule na bawa linaning'inia? Kuna watu chini."

"Mikono yangu haitetemeki nikiwa kwenye kiti. Umewahi kuniona natetemeka?" Akafunga tena kilemba. "Jino langu. Shingo yangu. Ulikubali kubeba, sikukushika kwa nguvu. Nakuomba, na hii siyo utani."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikubali. Nilikaa naye pale kwenye tairi, nikafikiria. Kama jino lingekuwa langu ningeamua mwenyewe, na mtu akiniingilia ningempiga. Lakini habari za mwili wake zilikuwa zinakuja kwangu, hazifiki kwake. Alikuwa anaamua akiwa hajaambiwa kitu. Mwenye mdomo hasikii, na anayesikia anaambiwa anachekesha.

"Umekunywa vidonge?" nikamwuliza.

"Nimesahau."

Akacheka, lakini kicheko kikakwama kooni, akakohoa. Nikaamua pale.

*

Saa ya chai kantini ilikuwa imejaa. Mbwilo alikuwepo na chapati yake. Editruda alikuwa kwenye kona na kikombe ambacho hakukinywa. Niliingia, nikavua kofia, nikasimama katikati.

"Mimi Otmari Ngonyani," nikasema, "nasema mbele ya Wahehe na Wangoni waliomo humu. Editruda Kikoti si mtani wangu. Kuanzia leo sina utani na Mhehe yeyote."

Walicheka. Mtu mmoja akapiga meza kwa kijiko. Mwingine akaita, "Mtani amezidiwa na jino, anataka talaka!"

Sikucheka. Nilisubiri. Kicheko kilipungua upande mmoja, upande mwingine kikaendelea, mpaka watu wakaanza kuangaliana. Utani haukatwi. Mnaachana na mke, mnauza shamba la baba, lakini hakuna aliyewahi kusimama na kusema maneno yale. Hata mimi niliyasikia kama yanasemwa na mtu mwingine.

Mama Luvanda akatoka jikoni na upawa mkononi. Alinikaribia, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe mtumwa wetu," alisema kwa sauti. "Babu zako walikuja huku wanatafuta vita, wakamkuta Mhehe, wakaenda kujificha Songea wakilia. Leo mjukuu wao analilia jino la mwanamke. Nenda kanyonye kwanza, ndiyo urudi."

Lilikuwa tusi zuri. Siku nyingine ningekuwa na jibu kabla hajafunga mdomo. Watu wote walinigeukia.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Sikukusudia kukukosea heshima." Nikainamisha kichwa.

Mama Luvanda akashusha upawa. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mbwilo," alisema, "kitoe hicho kidude. Huyu anasema kweli."

Editruda alisimama. "Anadanganya! Kesho nina kazi, Mbwilo, usimguse!"

Wahehe wawili na Wangoni wawili wakasema wamesikia. Sheria ilihitaji hivyo, na Mbwilo ni mtu wa sheria. Alimwambia Editruda akae chini kwanza. Hakukaa. Mbwilo akanipapasa nyuma ya sikio kwa ufunguo wake mdogo, akabonyeza.

Taya langu likatulia mara moja, kama taa iliyozimwa. Upande wa pili Editruda alifungua mdomo kadiri ulivyoweza, na haikutoka sauti. Akashuka kwenye sakafu taratibu, kwa magoti, kisha kwa ubavu, amelikumbatia shavu lake kwa mikono yote miwili.

Mimi nikasikia njaa. Hiyo ndiyo kweli. Mwenzangu yuko chini na mimi nilisikia harufu ya chapati.

Mbwilo alipiga magoti, akafungua kilemba. Alipoona shingo akatoa simu. Aliita ndege ya wagonjwa, ile isiyo na rubani, akaiambia isingoje kibali. Kabla haijatua alinitazama mara moja tu.

"Ulisema tisa," alisema.

"Nilisema kumi na nane."

*

Nilimwona hospitalini Iringa. Walikuwa wamempasua chini ya taya, wakaweka mpira wa kutolea usaha, na pembeni dripu. Muuguzi aliniambia koo lilibakiza kidogo lizibe, asubuhi wasingemkuta. Bawa lilipandishwa na mtu waliyemleta kutoka mradi mwingine. Hilo sikumwambia. Alikuwa ameshaambiwa.

Nilimkuta amekaa, anasukutua. Aliinamisha kichwa taratibu, maji yakapita, akayaacha yadondoke kwenye beseni. Akaangalia saa ukutani, akanywa kidonge. Halafu akafumba macho na kukaa hivyo mpaka kitu fulani kikapita.

"Karibu, kaka," alisema.

Sikuwahi kuitwa hivyo naye. Nikavuta kiti.

"Unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu. Walitaka kuniwekea mbebaji mwingine, Mngoni wa hapa mjini. Nimekataa. Nataka nijue lini kunapungua na lini kunaongezeka." Akarekebisha mto. "Asubuhi huwa kubaya. Nikinywa kidonge kabla ya kuamka vizuri, kunakuwa afadhali. Nikilala bila mito miwili, kunapiga."

"Ndiyo."

"Wewe unajua."

"Najua."

Nilikuwa nimepanga tusi tangu nilipotoka Makambako. Nililisema. Nilimwambia Wahehe wamemlaza hospitali ili mbwa wa mtaani wapumzike. Lilikuwa tusi la kawaida, lakini nililisema kwa moyo.

Editruda alitabasamu kidogo, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Asante kwa kuja, kaka. Umetoka mbali."

"Unanilaumu, Editruda?"

"Hapana. Ulifanya vizuri. Mama yangu amekuja kutoka nyumbani, amesema tukuletee kuku." Alishika shavu, akangoja, akaendelea. "Ulisema mbele ya watu. Wamesikia. Sasa mimi nifanyeje?"

Nilikaa mpaka saa ya kidonge kingine, nikamjazia maji, nikaaga. Alisema nisalimie nyumbani.

Niliporudi mradini, mlinzi wa getini alikuwa Kihwele, Mhehe wa kijiji cha Image. Miaka yote niliyofanya kazi pale hajawahi kunifungulia geti kabla ya kuniuliza nimeiba ng'ombe wa nani njiani. Aliponiona alisimama kutoka kwenye kiti chake. Akafungua geti lote, hata upande wa magari.

"Karibu, mzee Ngonyani," alisema. "Pole na safari."

Nikamwambia asante. Nikapita.